Thomson: Mwanajiolojia aliyemwambia Sultani ukweli, kisha akateleza Elgon

MAPANGO ya Mlima Elgon, ambao hutazamwa kila siku na wakazi wa Kitale na Bungoma, yaliwahi kumtatiza mmoja wa wasafiri mashuhuri wa karne ya 19. Huyo ni Joseph Thomson, ambaye jina lake lingali katika swala tomi na maporomoko ya maji ya Nyahururu.

Thomson alizaliwa Februari 14, 1858 katika kijiji cha Penpont, Scotland. Babake alikuwa mwashi na mwenye machimbo ya mawe, hivyo kijana huyo alizoea kushika mawe kabla ya kusomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Mnamo 1879 alijiunga na msafara ulioongozwa na Keith Johnston kuelekea Ziwa Nyasa. Johnston alipofariki Behobeho, katika Tanzania ya leo, Thomson alishika uongozi akiwa na umri wa miaka 21 tu. Aliyemshika mkono ni Chuma, mmoja wa waliobeba mwili wa David Livingstone hadi pwani.

Ujuzi wake ulitiwa kwenye mizani mwaka wa 1881. Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri akakague makaa ya mawe yaliyosemekana kupatikana katika bonde la Mto Ruvuma.

Mjuzi wa mawe hahukumu kwa rangi pekee. Hutazama mng'ao, hupima ugumu kwa kukwaruza, hulinganisha uzito, na huangalia rangi ya unga unaobaki jiwe linaposuguliwa kwenye kigae. Makaa halisi ni mepesi, na yakishika moto huteketea yakabaki majivu. Alichokikuta Thomson ni mwamba wa tope lililogandamana, wenye lami ndani yake. Mwamba wa aina hiyo huwa mweusi kama makaa na huweza kutoa moshi, lakini moto ukizimika, jiwe hubaki jiwe.

Ingekuwa rahisi kumpa mwajiri habari aliyoitamani. Thomson alirejea Zanzibar na kusema kwamba hakuna makaa ya kuchimbwa pale. Sultani hakupendezwa, na kazi ikaishia hapo.

Mwaka wa 1883 aliondoka Mombasa, akapita nchi ya Wamaasai, akavuka Mto Nzoia na kufika Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias. Desemba alifika Ziwa Victoria, kisha akageukia Elgon.

Katika miteremko ya kusini ya mlima huo, alikuta mapango makubwa ambamo familia ziliishi pamoja na mifugo wao. Wenyeji walimweleza kuwa hayo ni kazi ya Mungu. Thomson hakuridhika. Aliamini kwamba yalichongwa na taifa lenye nguvu la kale, pengine Wamisri, waliokuwa wakitafuta madini au vito vya thamani.

Hapo aliteleza. Elgon ni volkano iliyozimika, na mapango hayo yamo katika majivu yaliyoshikamana yakawa mwamba. Hazina iliyo ndani yake ni chumvi, hasa salfeti ya sodiamu. Chumvi hiyo huwa nyeupe au haina rangi, hukwaruzika kwa ukucha, huyeyuka majini na ina ladha chungu.

Katika pango la Kitum, upande wa Kitale, ndovu wamekuwa wakiingia gizani usiku, wakipapasa njia kwa mkonga, na kuibandua miamba kwa pembe ili waitafune. Malisho ya mlimani hayana sodiamu ya kutosha, kwa kuwa mvua nyingi huiosha kutoka udongoni. Wafugaji nao walichimba chumvi hiyo kwa ajili ya ng'ombe wao. Hakukuhitajika Mmisri yeyote.

Mwishoni mwa mwaka huo Thomson alijeruhiwa vibaya na nyati, kisha akaugua kuhara damu, lakini alifika pwani akiwa hai mwaka uliofuata. Baadaye alisafiri Sokoto, Morocco na kusini mwa Afrika ya Kati. Alifariki London Agosti 2, 1895, akiwa na miaka 37.

Ruvuma aliamini jiwe kuliko matarajio ya Sultani. Elgon, matarajio yaliyomshinda yalikuwa yake mwenyewe.