Nahodha Max Looff na Makaa ya Meli Yake

Umekwisha kujifunza kuwa chombo hakiendi bila fueli. Sasa soma habari za nahodha aliyeshindwa vita kwa kukosa fueli.

Max Looff, Mjerumani, alizaliwa mwaka 1874. Mwezi Juni 1914 aliwasili Dar es Salaam akiongoza manowari Königsberg. Meli hiyo iliendeshwa kwa mvuke wa maji yaliyochemshwa kwa makaa ya mawe. Ilipakia zaidi ya tani 800 za makaa, na kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa iliweza kusafiri karibu kilomita 10,000. Gawanya mwenyewe, utaona kuwa ilikula kama kilo 80 za makaa kwa kila kilomita.

Lakini usidhani kuwa hesabu hiyo haibadiliki. Meli ikiongeza mwendo maradufu, maji huizuia kwa nguvu kama mara nne, na makaa ya kila kilomita huongezeka vivyo hivyo. Tarehe 31 Julai, vita vikikaribia, manowari za Kiingereza zilimfuata Looff baharini. Mvua kubwa ilipomficha, aligeuza meli akakimbia kwa kasi. Aliponyoka, ila kwa gharama ya makaa mengi.

Angepata wapi mengine? Waingereza waliyanunua yale ya Msumbiji ili asiyapate. Mwezi Agosti aliteka meli ya biashara akachukua makaa yake, nayo yalikuwa hafifu. Makaa hafifu hutoa joto dogo na majivu mengi.

Tarehe 20 Septemba aliizamisha manowari Pegasus huko Unguja. Mara mtambo wake ukaharibika, akajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, ambako siku hizi ni Wilaya ya Kibiti. Vyuma vilivyoharibika vilipelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, vikatengenezwa na kurudishwa. Waliovibeba na kuvivuta ni watu. Fueli yao ilikuwa chakula tu, na vitabu vingi husahau kuwataja.

Waingereza wakaifunga midomo ya mto. Mwezi Novemba waliiteketeza Somali, meli iliyomletea Looff makaa. Mwezi Aprili 1915 meli Rubens, iliyobeba makaa yake kutoka Ujerumani, ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, karibu na Tanga.

Ndege nazo zililetwa. Fahamu kuwa hewa yenye joto ni nyepesi, nayo huyainua mabawa kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo ndege za wakati ule, zenye injini dhaifu, zilipojazwa petroli ziliinuka kwa shida; petroli ilipopunguzwa, hazikufika mbali. Uwanja uliotengenezwa kisiwani Mafia, karibu na delta, ulifupisha safari. Mwezi Julai ndege hizo zilielekeza mizinga ya meli mbili zielezo katika maji machache. Tarehe 11 Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru Königsberg izamishwe.

Mizinga yake iliopolewa ikatumika nchi kavu. Looff alipigana huko hadi alipotekwa mwaka 1917, akafariki mwaka 1954.