Selim Bey na Msafara wa Watu 8,000

Nikitoka kwetu Bwera kwenda Kasese, naiona njia ya Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome huko, Fort George, kisha akaelekea kaskazini kando ya Milima Rwenzori kumtafuta Selim Bey. Shuleni tulimsoma Lugard. Selim, ambaye Wanubi wa Uganda wanamhesabu miongoni mwa viongozi wa babu zao, hatukusomeshwa.

Alikuwa afisa Msudani wa jeshi la Misri katika Jimbo la Ikweta, chini ya Emin Pasha. Novemba 1888 wafuasi wa Mahdi waliishambulia ngome ya Dufile. Selim akaongoza ulinzi, wakarudishwa nyuma.

Kisha Stanley akaja kumchukua Emin. Selim aliomba muda awakusanye askari na familia zao. Muda haukutosha. Tarehe 10 Aprili 1889 Stanley aliondoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, na Selim akafika amechelewa.

Wengine humlaumu kwa kusitasita, na ni kweli maofisa wale waligombana sana. Lakini baba yangu mdogo, aliyekuwa jeshini, alinifundisha kuuliza kwanza nani atabaki nyuma, ndipo niulize adui yuko wapi. Msafara wenye wanawake, wazee na watoto huenda kwa mwendo wa mtoto. Kuharakisha kungekuwa kuwatupa porini. Mimi namwelewa.

Walikaa Kavalli zaidi ya miaka miwili bila kuletewa kitu. Fadl el-Mulla akajitenga na kundi lake. Waliobaki walilima chakula, wakapanda pamba na kujifumia nguo.

Lugard alipowafikia Septemba 1891, Selim hakukimbilia bendera mpya. Kiapo chake kilikuwa kwa Khedivu wa Misri, akataka ridhaa yake kwanza. Walipokubaliana kwa sharti hilo, msafara uliondoka: askari kama 600, na pamoja na jamaa zao watu wapatao 8,000. Wengi waliwekwa katika ngome za Toro. Nisifiche hapa: askari wasiolishwa wala kusimamiwa vizuri waliwapora raia, na Watoro waliumia. Hatari hiyo haikutoka kwa adui yeyote.

Mwaka 1893, huko Port Alice (Entebbe ya leo), kulikuwa na mvutano kati ya serikali ya Waingereza na Waislamu wa Buganda. Selim, akiwa mgonjwa, alimjulisha Macdonald kwamba hatakubali Waislamu hao washambuliwe. Alijua askari wake walikuwa wachache ugenini, na aliyesema neno hilo angeweza kuonekana mwasi. Alilisema. Juni akakamatwa, Wasudani wakanyang'anywa silaha, naye akapelekwa pwani chini ya ulinzi.

Hakufika. Alifia Naivasha mwaka huohuo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baadaye Lugard aliandika kumtetea.