Mary Pickford, msichana wa Toronto aliyejua bei yake

Wamarekani walimwita kipenzi chao, ingawa Mary Pickford alizaliwa ng'ambo ya mpaka, mjini Toronto, Kanada, mwaka 1892. Jina lake lilikuwa Gladys Smith. Baba alifariki 1898 akiacha mjane na watoto watatu, na Gladys akapanda jukwaani angali mdogo ili kusaidia nyumbani. Familia ilivuka mpaka, ikawa inazunguka miji ya Marekani kwa treni pamoja na vikundi vya maigizo.

Mwaka 1909, akiwa na miaka 17, alibisha hodi katika kampuni ya filamu ya Biograph, New York. Mkurugenzi D. W. Griffith alitaja dola 5 kwa siku. Binti akataka 10, akapewa.

Hakuacha kupatana bei. Kufikia 1916, mama yake Charlotte akiwa mshauri wake, alisaini na Adolph Zukor mkataba wa dola 10,000 kwa wiki pamoja na nusu ya faida. Lakini jambo lililomkera zaidi halikuwa mshahara. Mwenye jumba la sinema aliyetaka filamu ya Mary alilazimishwa kuchukua pia filamu nyingine za kampuni zisizouzika. Ni sawa na mwenye ghala anayekunyima sukari mpaka ubebe na gunia la maharage yaliyobunguliwa. Mary alidai filamu zake ziuzwe peke yake, na mkataba huo ukampa haki hiyo.

Mwaka 1919 alikwenda mbali zaidi. Yeye, Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na Griffith walianzisha United Artists, kampuni yao wenyewe ya kusambaza filamu. Wakubwa wa Hollywood hawakufurahi.

Sokoni, hata hivyo, mteja ana lake. Watu walimpenda kama msichana mdogo mwenye nywele za mawimbi. Alizikata 1928 akiwa na miaka 36, akashinda tuzo ya Oscar kwa filamu yake ya kwanza ya sauti, Coquette, lakini watazamaji wakapungua. Aliigiza mara ya mwisho 1933. Hisa zake alizishikilia hadi 1956, akaziuza kwa dola milioni 3.

Uzeeni aliiomba Kanada imrudishie uraia, ikakubali. Alifariki Mei 1979, raia wa nchi zote mbili.