Coriolis: yule wa Jografia ndiye aliyeielewa meza ya pool

Mliozoea kunikuta hapa na bei za korosho na mpira wa mchangani mtanisamehe. Leo nawaletea marehemu, tena Mfaransa, ambaye kila aliyesoma Jografia sekondari na kufika kwenye mada ya pepo alilikariri jina lake, akalijibia mtihani, akalisahau. Anaitwa Coriolis.

Kwanza niwaambie kilichonipeleka kwake, maana sikwenda kwa kupenda shule.

Msimu wa korosho uliopita, hapa hapa Kitangari, mnajua hela ikishaingia mikononi meza ya pool hailali. Mimi nilikuwa na shilingi 20,000 nimeziweka pembeni za kujiandikisha kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. (Ndiyo, Fizikia niliangukia pua, msicheke.) Nikaziweka dau. Mchezo ukaenda vizuri mpaka ikabaki nyeusi peke yake, iko karibu na shimo la kona, imenyooka kabisa na nyeupe, ila nyeupe iko mbali, upande wa pili wa meza. Mtoto mdogo angeifunga. Nikapiga katikati ya nyeupe nikijua ikigonga itasimama pale pale kama msumari. Nyeusi ikazama, na nyeupe ikaifuata polepole, bila haraka, kama mgeni anayesindikizwa, ikatumbukia na yenyewe. Nimepoteza.

Pale bandani kuna mtu mzima tunamwita Mjomba, hachezi siku hizi, anaangalia tu. Akaniambia nimeitaka isimame lakini nimeituma ikiwa inatembea, na kwa umbali ule nilipaswa kuipiga chini. Nikamuuliza kwa nini, shikamoo zote nimempa. Akasema hajui kwa nini, anajua tu ndivyo ilivyo. Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyonifikisha kafe.

Gaspard-Gustave de Coriolis alizaliwa Paris tarehe 21 Mei 1792. Baba yake alikuwa afisa upande wa mfalme, na mwaka huo kuwa upande wa mfalme ilikuwa sawa na kukaa juu ya mzinga wa nyuki: Agosti utawala wa kifalme ukaangushwa, Januari 1793 mfalme Louis wa 16 akakatwa kichwa. Familia ikakimbilia Nancy, mashariki mwa Ufaransa, baba akageukia shughuli za viwanda. Kijana akakulia huko.

Mwaka 1808, akiwa na miaka 16, akafanya mtihani wa kuingia École Polytechnique, chuo kigumu kuliko vyote Ufaransa, akashika nafasi ya pili. Akaenda kusomea uhandisi wa barabara na madaraja, akafanya kazi kwenye milima ya Vosges. Lakini mwili wake ulikuwa dhaifu tangu ujana, na baba alipofariki mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye. Mwaka 1816 akakubali kazi ya ualimu msaidizi pale pale Polytechnique. Hakutafuta ukubwa. Mwaka 1830 mwanahisabati Cauchy alipoiacha nafasi yake, Coriolis akaombwa aichukue, akakataa.

Mwaka 1829 alitoa kitabu kuhusu nguvu za mashine. Wale wa Fizikia mnaikumbuka "kazi", kani mara umbali? Neno hilo kwa maana hiyo yeye ndiye aliyelisimika. Na ile nusu kwenye nusu ya uzito mara kasi mara kasi, ni yeye aliyeiweka. Kabla yake waliandika bila nusu. Yaani mtu aliyenifelisha mimi mara mbili, kwenye karatasi na kwenye meza, ni mmoja.

Sasa tufike mwaka 1835, ndipo nilipoganda kwenye kiti cha kafe hadi mwenye kafe akaja kuniuliza kama nimelala.

Mwaka huo Coriolis alitoa vitu viwili. Kimoja ni ile makala iliyompa jina kwenye Jografia. Na hapa nisahihishe jambo: hakuandika habari za upepo! Aliandika kuhusu mashine zinazozunguka, kama magurudumu ya maji, na kani inayojitokeza kitu kinapotembea juu ya kitu kinachozunguka. Wengine baada yake ndio walioichukua hesabu hiyo wakaipeleka kwenye dunia nzima. Kwa hiyo hesabu ileile ndiyo inayoeleza kwa nini kusi inayotupiga huku kutoka kusini mashariki ikishavuka ikweta inajipinda na kuwasukuma wenye majahazi kuelekea Arabuni na India. Na ndiyo inayoeleza kwa nini kimbunga Kenneth, kilichoingia Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma tarehe 25 Aprili 2019 na sisi watu wa Mtwara tukawekwa roho juu, kilikuwa kinazunguka kufuata mwelekeo wa mishale ya saa.

Kitu cha pili ni kitabu kizima kuhusu bilia, mchezo uliokuja kuzaa pool. Hesabu tupu, kurasa kwa kurasa, kuhusu mpira unavyozunguka ukipigwa na fimbo. Profesa mgonjwa, mwenye kazi tele, akakaa kuandika hiyo!

Wakati huo ulikuwa unaruhusu. Kabla yake fimbo za bilia zilikuwa mti mtupu, ukipiga pembeni ya mpira inateleza. Afisa wa jeshi la Ufaransa aliyeitwa Mingaud, ambaye inasimuliwa alikuwa kifungoni Paris mwanzoni mwa miaka ya 1800, ndiye anayetajwa kuwa aliipa fimbo ncha ya ngozi. Ngozi ikashika mpira, na chaki ikaongeza kushika, ndipo watu wakaanza kuona nyeupe ikirudi nyuma au ikijipinda kama nyoka. Coriolis alimwona Mingaud akicheza na anamtaja kwenye kitabu. Wengine waliona mazingaombwe, yeye akaona hesabu.

Anachosema, kwa lugha ya bandani, ni hiki. Nyeupe ukiipiga katikati kabisa haianzi kwa kubingirika. Inaanza kwa kuteleza juu ya kitambaa, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Msuguano wa kitambaa ndio unaoilazimisha ianze kubingirika kidogo kidogo, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyobingirika zaidi. Kwa hiyo pigo langu lilikuwa la katikati nilipopiga, lakini lilipofika kwa nyeusi halikuwa tena la katikati. Nyeupe ilikuwa inabingirika, na mpira unaobingirika ukimgonga mwenzake uso kwa uso hausimami. Unamwachia mwenzake mwendo, lakini ule mzunguko wake wa mbele unabaki nao, na huo unausukuma tena mbele kwa 2/7 ya kasi uliyokuja nayo. Kasi hiyo inatosha. Kama nyeupe ilikuwa na nguvu ya kutembea mita 7 zaidi, baada ya kugonga bado itatembea kama nusu mita na kidogo. Shimo langu lilikuwa karibu kuliko hapo. Wadau, 2/7 ndiyo iliyokula ada yangu ya mtihani.

Nilichotakiwa kufanya ni kupiga chini ya katikati, ili nyeupe iondoke ikizunguka kinyumenyume, kitambaa kiule huo mzunguko njiani, na uishe wakati ule ule inapogusa nyeusi. Hapo isingekuwa na mzunguko wa mbele wala wa nyuma, ingesimama. Ndiyo maana umbali unabadilisha kila kitu. Karibu, katikati panatosha. Mbali, shuka chini. Mbali zaidi, shuka zaidi au ongeza nguvu. Na kwenye meza zetu hizi kitambaa kimechakaa na kimejaa vumbi jekundu, msuguano ni mkubwa, mzunguko wa nyuma unakufa mapema kuliko kwenye meza mnazoziona kwenye tivii. Kwa hiyo shuka zaidi ya vile unavyodhani. Na fimbo ambayo ngozi imeliwa, iacheni jamani, hiyo inawarudisha kabla ya Mingaud.

Ukitaka nyeupe ibingirike tangu mwanzo bila kuteleza, Coriolis anakupa na mahali: gawa kimo cha mpira mafungu 10 kuanzia kitambaani, piga fungu la 7. Hapo haina haja ya kusubiri msuguano.

Mipira ikiwa haijanyooka mambo yanabadilika. Nyeupe isiyo na mzunguko wa mbele wala wa nyuma, ikigonga mwenzake kwa pembeni, zinaachana kwa nyuzi 90, umbo la kona ya daftari. Kama inabingirika, inaanza kwenye njia hiyo ya nyuzi 90 halafu inajipinda kwenda mbele, na pindo lenyewe ni lile la jiwe lililorushwa hewani, kisha inanyooka. Kama inazunguka kinyume, inajipinda kurudi. Yaani kabla hujainama kupiga unaweza kuuchora mstari mmoja tu kichwani, ule wa kona ya daftari, halafu ukajiuliza unataka nyeupe iishie mbele yake, juu yake, au nyuma yake. Jibu ndilo linalokuchagulia juu, katikati au chini. Mimi miaka yote nilikuwa nafunga kwanza halafu ndiyo natafuta nyeupe imeangukia wapi.

Ule mzunguko wa pembeni, kulia na kushoto, ambao vijana wengi wanaupenda kwa sababu unapendeza machoni, maoni yangu ni kwamba tunautumia mno. Kazi yake kubwa ni kwenye kingo: ukipiga upande wa kulia, nyeupe ikigonga ukingo wa mbele inachepukia kulia. Coriolis alionyesha kwamba mzunguko mkubwa kabisa wa pembeni unapatikana ukipiga nusu ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni mwa mpira. Kupita hapo hupati zaidi, unatafuta kuteleza tu. Tena pigo la kulia linaisukuma nyeupe kidogo kushoto ya pale ulipolenga. Kama hakuna ukingo njiani, unajipa shida ya bure.

Mwaka 1836 aliingizwa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, na 1838 akawa mkurugenzi wa masomo Polytechnique. Huko wanafunzi walimkumbuka kwa jambo ambalo mtu wa kwetu atalielewa haraka. Aliwawekea madarasani mitambo ya maji ya kunywa ya baridi, nao wakaiita "corio" kwa jina lake. Sisi wa Kitangari, ambao maji ya bonde letu yanasukumwa kupandishwa uwanda wa Makonde na bado foleni za ndoo tunazijua, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mwanafunzi anamkumbuka mtu aliyemletea maji kuliko aliyemletea hesabu.

Afya haikumrudia. Mwaka 1843 ilizorota, na tarehe 19 Septemba akafariki Paris akiwa na miaka 51. Kaburi lake liko Montparnasse, na jina lake ni moja kati ya yale 72 yaliyoandikwa kwenye Mnara wa Eiffel.

Fomu ya mtihani nimeshachukua upya, safari hii hela nimempa mama anitunzie. Na Jumamosi jioni nilirudi bandani, bila dau. Nikaipanga nyeusi pale pale, nyeupe pale pale, Mjomba anaangalia. Nikapiga chini. Mara ya kwanza ilirudi nyuma kupita kiasi. Ya pili ikafuata tena ikaponea chupuchupu. Ya tatu ikasimama. Mjomba hakusema neno, akanisukumia chaki tu.

Mwenye meza ambayo kitambaa chake kinakula mzunguko kuliko cha kwetu aandike hapo chini, dakika zangu za kafe zimekwisha.