Ndugu yako anapokataa matibabu: Tunachojifunza kwa Vincent van Gogh na mdogo wake Theo

Kama unamlea mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili ambaye anasema haumwi na hataki kusikia habari za hospitali, unajua jinsi inavyochosha. Umembembeleza, umegombana naye, umelia. Pengine wapo jamaa wanaokuambia umfungie ndani, na wengine wanaokuambia umwache. Haya yamezipata familia nyingi kabla yako. Mojawapo ni familia ya Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi ambaye leo anajulikana dunia nzima.

Baba alipotaka kumlazimisha

Vincent alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika mji mdogo wa Zundert, mtoto wa mchungaji. Mdogo wake Theo alizaliwa mwaka 1857. Vincent alijaribu kazi kadhaa, kisha akawa mwinjilisti wa wachimba makaa ya mawe huko Borinage, Ubelgiji. Huko aligawa nguo zake, akalala chini, akaacha kujitunza. Mwaka 1879 kanisa lilikataa kumwongezea muda.

Agosti mwaka huo Theo alikwenda kumwona, akamshauri atafute kazi ya kueleweka. Nia ilikuwa njema, lakini Vincent alisikia lawama tu. Akaacha kumwandikia kwa karibu mwaka mzima. Baba yao alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1880 alitaka kumpeleka Geel, mji wa Ubelgiji ambako kwa karne nyingi wagonjwa wa akili wamekuwa wakiishi na familia za wenyeji. Hapakuwa mahali pabaya. Lakini mpango ulifanywa bila yeye. Vincent aliupinga kwa nguvu zote, mpango ukavunjika, na kidonda kikabaki kati yake na baba.

Elewa hili: kwa wagonjwa wengi, kutojua kwamba wanaumwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Siyo ukaidi, wala siyo kukukosea heshima. Ukibishana naye kuhusu jina la ugonjwa, mara nyingi utashindwa. Muulize kinachomsumbua yeye: kukosa usingizi, hofu, sauti anazosikia. Mtu anayekataa kuitwa mgonjwa wa akili anaweza kukubali kumwona daktari ili apate kulala.

Mlango uliobaki wazi

Theo hakurudia ushauri wake. Mwaka 1880 alimtumia kaka yake faranga 50 kupitia kwa wazazi. Vincent akavunja ukimya, akamwandikia barua ndefu ya kushukuru na kueleza yaliyo moyoni. Kuanzia hapo, kwa miaka kumi, Theo aliyefanya kazi ya kuuza picha Paris alimtumia fedha za chakula, kodi na rangi. Barua za Vincent kwa Theo zilizohifadhiwa ni zaidi ya 600.

Haikuwa rahisi. Mwaka 1886 Vincent alihamia kwa Theo, wakaishi pamoja miaka miwili. Nyumba ilijaa ugomvi, na Theo alimlalamikia dada yao kwamba hali haivumiliki. Alichoka, lakini hakumkana kaka yake.

Nawe unaweza kubaki karibu bila kukubaliana na kila anachosema. Mpikie, kaa naye, msikilize. Siku atakapokuwa tayari kusaidiwa, atamgeukia mtu anayemwamini.

Hatari ilipofika

Februari 1888 Vincent alihamia Arles, kusini mwa Ufaransa. Tarehe 23 Desemba mwaka huo alichanganyikiwa akajikata sikio. Theo, ambaye ndio kwanza alikuwa amechumbia, alipanda treni ya usiku akamfuata hospitali.

Hakuweza kukaa, maana kazi yake ilikuwa Paris. Waliomsaidia kumwangalia Vincent ni watu wa pale pale: Joseph Roulin wa posta, daktari kijana Félix Rey, na Mchungaji Salles. Walimtembelea na kumpelekea Theo habari. Mapema mwaka 1889 majirani wapatao 30 walitia saini kutaka aondolewe mtaani. Polisi wakafunga nyumba yake, naye akazuiliwa hospitali. Vincent aliumia sana.

Hata hivyo, Aprili mwaka huo alikiri mwenyewe kwamba hawezi kuishi peke yake. Theo alimtajia njia nyingine, kisha akauheshimu uamuzi wake. Tarehe 8 Mei 1889 Vincent aliingia hospitali ya akili ya Saint-Rémy akisindikizwa na Mchungaji Salles. Theo alikuwa amemwomba mkurugenzi amruhusu kaka yake kuchora. Alipewa chumba cha kazi, na kwa mwaka mmoja alichora picha zipatazo 150.

Nyakati nyingine huwezi kusubiri akubali. Tafuta msaada wa hospitali mara moja ikiwa:

- anazungumzia kufa au kujidhuru;
- anatishia au anaumiza wengine;
- hali wala hanywi, au hajalala kwa siku kadhaa.

Ondoa vitu vya hatari, usimwache peke yake, na usimfunge kamba wala kumpiga. Hali ikitulia, mweleze kwa upole kwa nini ulifanya hivyo.

Mwisho wa safari yao

Mei 1890 Vincent alitoka Saint-Rémy, akahamia Auvers, karibu na Paris, chini ya uangalizi wa Daktari Gachet. Mwishoni mwa Julai alijijeruhi vibaya, akafariki tarehe 29 akiwa na umri wa miaka 37. Theo alikuwa kando ya kitanda chake. Theo mwenyewe alikuwa mgonjwa, na alifariki Januari 1891 akiwa na miaka 33. Mjane wake, Johanna, ndiye aliyetunza picha na barua hata dunia ikazijua.

Hatukusimulii haya ili kukuogopesha. Wakati ule hapakuwa na dawa tulizonazo leo, na madaktari waliuita ugonjwa wa Vincent aina ya kifafa. Leo wengi wenye magonjwa makali ya akili hupata nafuu, hufanya kazi na kulea watoto. Lakini upendo peke yake hautibu. Theo alifanya mengi na bado alimpoteza kaka yake, na kosa halikuwa lake. Likikufika jambo kama hilo, usijihukumu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tafuta akina Roulin wako: shangazi, jirani, kiongozi wa dini, mhudumu wa afya wa mtaani. Gawaneni zamu, nawe upate kulala na kula. Hata kama mgonjwa wako bado anakataa kwenda kliniki, wewe unaweza kwenda leo, ueleze unayoyaona nyumbani na kuomba ushauri.