Frederick Banting na Dola Moja

Ndugu zangu, sisi tunaosomea tiba na maabara tumjue Frederick Banting, daktari wa Kanada aliyezaliwa 1891. Zama zake, mtoto mwenye kisukari alinyimwa chakula ili aishi siku chache zaidi, kisha akafa.

Mwaka 1921, huko Toronto, Banting na Charles Best walitoa dawa kutoka kwenye kongosho la mbwa. Januari 1922 akadungwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14. Sindano ya kwanza haikufaa. James Collip akaisafisha dawa, na baada ya siku 12 alipodungwa tena, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Banting angeweza kutajirika. Lakini mwaka 1923 yeye, Best na Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi huo kwa dola 1 kila mmoja. Alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1941.

Hakuwa Muislamu, lakini amana aliitekeleza. Leo insulini hutengenezwa kwa bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, na bado wapo wagonjwa wanaoikosa kwa sababu ya bei. Nami najiuliza, na nawauliza: tukivumbua sisi, tutauza kwa kiasi gani? Allah atujaalie elimu yenye manufaa.