Mjane Aliyelinda Jina la Mumewe kwa Miaka 57

Nilipokuwa skuli ya misheni tulioneshwa picha ya Jenerali George Armstrong Custer wa Marekani, amezungukwa na maadui, bado anapigana. Sote tulimwona shujaa. Nilipokwisha staafu ukarani ndipo nilipofahamu kwamba sifa ile ilijengwa kwa sehemu kubwa na mkewe.

Elizabeth Bacon, maarufu kwa jina la Libbie, alizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Monroe, Michigan, binti wa jaji. Aliolewa Februari 1864. Tarehe 25 Juni 1876 mumewe aliishambulia kambi kubwa ya Walakota na Wacheyenne kando ya mto Little Bighorn. Aliuawa yeye na wote waliokuwa naye, zaidi ya 200, wakiwamo ndugu zake wawili. Libbie alikuwa na miaka 34, hana mtoto.

Machozi hayajakauka, Rais Grant akamtupia marehemu lawama hadharani. Mjane yule aliachiwa madeni na pensheni ndogo. Akahamia New York, akafanya kazi ya ukatibu, na baina ya 1885 na 1890 akatoa vitabu vitatu vya maisha yao. Alihutubia, aliandika barua, hata sanamu ya mumewe iliyowekwa West Point, kwa kuwa haikumridhisha, aliipigania mpaka ikaondoshwa. Hakuolewa tena.

Maofisa waliokuwa na ya kusema juu ya Custer walinyamaza kwa kumstahi. Wakangoja, na wengi wakamtangulia kaburini. Yeye alifariki Aprili 1933, siku chache kabla ya kutimiza miaka 91, akazikwa kando ya mumewe. Mwaka uliofuata tu, kikatoka kitabu cha kumkosoa Custer vikali.

Simlaumu Libbie. Alimpenda mumewe, naye hakuwa na mtu mwengine wa kumtetea. Lakini karani anajua kuwa faili lenye barua za upande mmoja halijakamilika. Walakota na Wacheyenne nao walikuwa wakilinda wake na watoto wao siku ile, na wajane wao hawakupata wachapaji vitabu.

Nasi tuna marehemu wetu tusiowataja ila kwa mema. Ni adabu njema. Ila wajukuu wanauliza, na sisi wazee tunapungua. Tuwaeleze yote, mazuri na mazito, tungali hai.